Tazama Pia: Mbwa

Ukurasa wa tatu, safu ya pili.
Karafuu ya Pemba imeshuka nusu rupia kwa frasila.
Meli ya barua imekwama Adeni.
Mbwa mweupe amepotea Shangani,
sikio moja jeusi, huitikia Bruno,
atakayemrudisha atapewa rupia tano.
Kisha, chini ya Bruno,
kwa Kiingereza kilichofunga tai:

mwanamke wa kienyeji, mwenye makengeza,
aliwatumbuiza wageni harusini kwa tajiri mmoja wa Kiponda.
Vipuli vyake vizito. Wanja umezidi.
Sauti, kwa mtu wa namna yake, si mbaya.

Basi. Linalofuata ni tangazo la dawa ya tumbo.

Nimekaa chumba cha kusomea, Kilimani,
glavu za pamba zimenibana vidole,
kalamu ya wino wamenipokonya mlangoni,
na feni inataka kufunua kurasa kabla yangu.
Mbwa ana jina.
Nimerudia mara tatu, nisije nikamsingizia mwandishi:
mbwa ana jina.

Wiki iliyofuata alipita Mzungu, mcheza tamthilia,
siku mbili, akingoja meli ya Bombei.
Yeye jina analo, Madamu Delorme, kwa herufi kubwa,
na safu nzima kapewa peke yake:
kofia yenye manyoya ya mbuni,
kiuno, umri (wanakisia),
mume wa kwanza, mume wa pili,
na bwana fulani aliyembebea mwavuli hadi Forodhani.
Aliigiza nini? Aliliza ukumbi gani?
Nimefunua, nikafunua tena.
Kofia.
Nilitaka kumcheka, nikashindwa.
Pole, mama. Hata wewe.

Lakini yule wa makengeza namjua.
Bibi yangu wa Kikwajuni, akishona kofia,
kila tundu alilolizungushia uzi
alilitilia neno la Mize binti Vuai.
"Jicho moja," alikuwa akisema, "lilikutazama,
la pili likikutungia.
Watu wakaogopa, wakaliita kengeza."
Hukata uzi kwa meno, akaghani:

    Mwatazama masikio, na vipuli kuvipima,
    Hamsikii kilio, wala neno nilosema,
    Dhahabu si kimbilio, huyeyuka ikachoma,

Hapo sindano husimama.
Mstari wa nne bibi hakuupata kwa mama yake,
na mama yake aliupata nusu,
akaupoteza mwaka wa ndui.
Shairi halina kituo.
Nimekitafuta hata humu gazetini, mjinga mimi,
kana kwamba mtu aliyepima vipuli kwa jicho
angekuwa na mizani.

Sijui niseme ni hasira.
Ni kama kumkuta jamaa yako kwenye picha ya watu wengine,
kichwa kimekatwa na ukingo,
ukamtambua kwa viatu.

Saa nane na nusu Bwana Mbarouk anagonga meza kwa funguo,
wanafunga.
Navuta droo ya faharasa, herufi M.
Aliyenitangulia alikuwa na mwandiko wa kupendeza:
Maji. Maradhi. Masoko. Mbwa, kupotea kwa.
Nachukua kadi tupu, sikumwomba mtu ruhusa,
nachonga penseli:

    Mize binti Vuai, mtungaji.
    Ukurasa wa tatu. Hakutajwa.
    Ubeti mmoja, umepungua mstari.
    Tazama pia: mbwa.

Kwa mpango wa alfabeti
anakaa nyuma ya mbwa tena. Sina la kufanya,
alfabeti sikuitunga mimi.
Ila kadi yake sikuisukuma hadi chini.
Nimeiacha imechomoza, kidogo tu,
upana wa ukucha,
atakayekuja kumtafuta Bruno
imkwaruze kidole.